Kiinua Mgongo na Hesabu ya Miaka

Siku ya Ijumaa, tarehe 23 Januari, baada ya sala ya Alasiri, alikuja kwangu hapa Tanga mzee mmoja jirani yetu, amekumbatia bati la biskuti lililochubuka rangi kwa namna ambayo ungedhani limejaa mayai. Na baada ya kuamkiana, na baada ya kukataa kiti akachagua jamvi, alilifungua akatoa humo karatasi moja baada ya moja, akazitandaza mbele yangu safu kwa safu, kila moja akiinyosha kwa kiganja kabla ya kuichukua ya pili. Ilikuwa mikataba ya kazi, 17 kwa idadi, wa kwanza wa mwaka 2009 na wa mwisho wa mwaka 2025, yote ya mwajiri mmoja na yote ya kazi moja, nayo ni kulinda ghala usiku. Chini kabisa ya bati kulisalia daftari dogo lililofungwa kwa mpira, ambalo siku hiyo hakulitoa.

Niliisoma mikataba ile mmoja mmoja, maana mzee alikuwa akinitazama usoni kila nilipogeuza karatasi, na sikupenda aone nimeruka hata mmoja. Kila mkataba ulianza katika juma la kwanza la Januari ukaisha tarehe 20 Desemba au jirani yake, na baina ya kwisha kwa huu na kuanza kwa ule paliachwa mwanya wa wiki mbili. Miaka 16 mzee huyu aliaga kila Desemba na kupokewa kila Januari, hata ilipofika Januari hii simu haikulia, naye alipokwenda mwenyewe kuuliza akaambiwa kwamba kijana mwingine amekwisha kuchukuliwa. Hakugomba. Aliomba kiinua mgongo chake, na jibu alilopewa ndilo lililomleta kwangu. "Mwanangu," alisema, "wameniambia sistahili kitu kwa kuwa sijatimiza mwaka. Wewe umesoma. Hebu nitazamie: ni kweli mimi sijapata kutimiza mwaka?"

Sikumjibu upesi, kwa sababu jibu la sheria na jibu la insafu katika kadhia hii hayakukaa mahali pamoja, na niliona taksiri kumpa moja nikamficha la pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 42, imeweka shuruti mbili za mtu kustahiki kiinua mgongo: awe ametumika kwa mwajiri huyo miezi 12 mfululizo, na awe ameachishwa na mwajiri, si kwamba ameacha kazi kwa hiari yake. Akiwa ametimiza hayo hulipwa mshahara wa msingi usiopungua wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, walakini miaka ihesabiwayo isizidi 10. Hapewi aliyefukuzwa kwa haki kwa ajili ya utovu wa nidhamu, wala yule ambaye, kazi yake ilipoondolewa, alitafutiwa kazi nyingine akaikataa pasipo sababu ya maana. Na marekebisho yaliyofuata baadaye yakawatia katika orodha ya wasiopewa mtu aliyefikia umri wa kustaafu na mtu ambaye mkataba wake umekwisha kwa kufika muda wake.

Soma tena maneno yale, miezi 12 mfululizo, kisha tazama mikataba 17 juu ya jamvi, nawe utaona jinsi shuruti iliyowekwa ili kumtofautisha mtumishi wa kudumu na mpita njia ilivyogeuzwa kuwa kisu cha kuukata mwaka kabla haujaiva. Aliyeandika tarehe zile hakukosea hesabu. Mtu hakosei hesabu mara 17 kwa wiki zile zile mbili.

Jina lenyewe la malipo haya lina maana ambayo watu wengi wenye kulitamka kila siku wameisahau. Mgongo huinama kwa gunia, huinama kwa karai la zege, huinama kwa cherehani na kwa meza ya karani, na mlinzi wa usiku naye, ingawa watu humdhania mustarehe kwa kuwa wanamwona ameketi, mgongo wake huinama juu ya kibao kisicho na egemeo kuanzia Magharibi hadi Alfajiri. Na siku mtu atokapo kazini, tena si kwa kupenda, fedha ile humfaa kumnyanyua asimame, atazame mbele, atafute njia ya pili. Wazee waliolibuni neno hili hawakusema bakshishi, ijapokuwa neno bakshishi lilikuwapo pwani tangu zamani na kila mchukuzi wa bandarini alilijua. Bakshishi hutoka katika furaha ya mtoaji, naye asipotoa hapana wa kumdai. Kiinua mgongo ni ujira uliokwisha kufanyiwa kazi ukabaki mkononi mwa mwajiri, siku 7 za mwaka huu juu ya siku 7 za mwaka uliopita, kama amana. Na mwenye kuweka amana ya mtu hana ruhusa ya kuipunguza kwa ujanja wa tarehe.

Sisi wa Tanga tuna sababu ya kuwa wepesi wa kuutambua ujanja wa namna hii, kwa kuwa mji wetu ulijengwa kwa mkonge, na mkonge ulikatwa kwa kipande. Babu yangu aliletwa huku kutoka upande wa Kigoma akiwa manamba, jina walilopewa kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake, naye alipokuwa akinisimulia habari za shamba hakupenda sana kueleza miiba wala jua. Alipenda kueleza karatasi. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30, na kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama, na ujira ulilipwa kipande kilipojaa. Hizo zilikuwa siku 30 za kazi, wala si siku 30 za mwezi. Aliyeugua homa akiwa na alama 27 alilala na alama zake 27, na aliyeshindwa kumaliza kipimo chake kabla ya jua kuchwa alirudi kambini kana kwamba siku ile hakuamka. Babu alisema kulikuwa na watu waliochukua miezi miwili kukijaza kipande kimoja, na kwamba hofu kubwa ya mkata mkonge haikuwa kazi ya leo ila alama ya leo. Nilipoiona mikataba ya jirani yangu nilikumbuka maneno hayo, madhali kipande cha babu kilikuwa na nafasi 30 na chake kina miezi 12, na wote wawili walisimamishwa karibu na mwisho.

Nchi yetu ilipopata uhuru haikuchelewa kulitazama jambo hili. Mwaka 1962, uhuru ukiwa bado haujatimiza hata mwaka wake wa pili, Tanganyika ilitunga sheria ya malipo ya mfanyakazi aachishwaye kazi, na miaka 2 baadaye ikafuata sheria ya usalama wa kazi, iliyomzuia mwajiri kumtoa mtu kama atoavyo kiti kibovu. Sheria hizo zilidumu zaidi ya miaka 40 hadi zilipofutwa na hii ya 2004. Nalitaja hili kwa sababu wapo wasemao kwamba kiinua mgongo ni mtindo mpya ulioletwa na wageni kuwatia hasara wenye biashara. Kumbe ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo watu huru waliyaona kuwa wajibu.

Rai yangu, ambayo naitoa hapa pasipo kuifunika, ni kwamba hesabu ya miaka katika kifungu cha 42 inapaswa kuandikwa upya, na jambo la kwanza la kuandikwa upya ni maana ya neno mfululizo. Madhali mtu amerudi kwenye kazi ile ile, kwa mwajiri yule yule, baada ya mwanya wa wiki chache, na mwanya huo haukutakwa naye, basi huduma yake haikukatika. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba ilikatika kwa haki uwe juu ya mwajiri, ambaye ndiye mwenye kalamu, mwenye muhuri na mwenye kabati la kutunzia karatasi. Jambo hili si geni duniani. India, kwa sheria yake ya mwaka 1972, iliweka masharti makali kuliko yetu upande mmoja, kwani ilimtaka mfanyakazi awe na miaka 5 ya utumishi, lakini upande wa pili iliuhesabu mwaka kwa insafu: aliyefanya kazi siku 240 katika miezi 12 alihesabiwa kuwa ametumika mwaka mzima, ugonjwa, ajali, likizo, na kusimamishwa kwa kazi pasipo kosa lake havikuukata mfululizo, na mwaka wa mwisho ukizidi miezi 6 ulihesabiwa kuwa mwaka kamili. Aliyefariki au kupata ulemavu hakudaiwa ile miaka 5. Malipo yenyewe yalikuwa ujira wa siku 15 kwa kila mwaka. Jirani yangu, kwa kipimo cha siku 240, angekuwa na miaka yake 17 mikononi, na swali lake kwangu lisingekuwapo.

Nao Wakenya, katika Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, walimtazama kibarua. Mtu aliyechukuliwa kwa kazi ya kutwa, akiendelea mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, sheria humgeuza kuwa mfanyakazi wa mwezi, apende mwajiri asipende. Na anayepunguzwa kazini hulipwa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, wala haikutajwa miaka 10 kuwa ndio mwisho wa kuhesabu. Wana kasoro zao, kwani malipo yao ya utumishi kwa aliyeachishwa kwa notisi hayamhusu mtu aliye mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii, ilhali sisi tumesema wazi katika kifungu kile kile kwamba kiinua mgongo hakiondoi haki nyingine yoyote. Hapo sisi tumewashinda, na ni vyema kulisema.

Kikomo cha miaka 10 ndicho kinachoniumiza zaidi, ingawa mlinzi wetu hajakifikia hata kukigusa. Siku 7 mara miaka 10 ni siku 70. Fundi mitambo aliyetumika miaka 10 na fundi mitambo aliyetumika miaka 30, kiwanda kikipunguza watu, hutoka katika lango moja, siku moja, kila mmoja na siku zake 70. Mwenye miaka 30 aliingia akiwa kijana asiye na mvi, masikio yake yakiwa yanasikia vizuri, akawafundisha kazi wale waliokuja nyuma yake, mmojawapo labda ndiye huyu mwenye miaka 10. Na sheria inamwambia kwamba tangu mwaka wa 11 hadi wa 30 alikuwa akija kazini tu. Ni kweli kwamba kifungu kinasema kisichopungua, maana yake mwajiri anaweza kutoa zaidi, na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu vimeweza kupata zaidi katika mikataba ya hali bora. Lakini walio katika vyama vyenye nguvu ni wachache, na mlinzi, mpishi wa hoteli ndogo, dereva wa duka la jumla na mshonaji wa kiwandani hawana wa kuwasemea mezani. Sheria huwekwa hasa kwa ajili ya hao.

Halafu kuna hili la mkataba uliokwisha kwa kufika muda wake. Sheria ya 2004 ilipotungwa iliuweka mkataba wa muda maalumu kwa ajili ya wenye taaluma na mameneja, watu ambao kwa kawaida hujua kuomba masharti yao na kuyasoma kabla ya kutia sahihi. Katika maisha ya kila siku mkataba huo umeshuka ngazi moja moja hadi umemfikia mfagiaji. Na ukishamfikia mfagiaji, ukampa mwaka mmoja mmoja au miezi kumi na moja na siku kadhaa, umekwisha kumwondoa katika kiinua mgongo kwa milango miwili: hakutimiza mwaka, na tena muda wake umekwisha wenyewe. Linganisha na mbunge. Naye ana muhula wake wa miaka 5, naye muhula wake huisha kwa kufika muda wake, naye hupewa kiinua mgongo kwa kuwa sheria ya mafao ya viongozi wa kisiasa ya mwaka 1999 imesema apewe. Simwonei kijicho mbunge, wala sisemi anyang'anywe. Nasema kwamba kanuni ile ni ya haki, kwamba mtu aliyetumikia muda uliopangwa hadi ukaisha amestahiki, na kwamba waheshimiwa walioikubali kwa nafsi zao wanaweza kuikubali kwa mfagiaji wa ukumbi wao.

Najua watakaopinga, na baadhi yao ni watu wema. Mwenye duka la vipuri ana watumishi watatu, kodi ya pango inapanda, na mimi ninamwongezea deni. Lakini deni hili ni kiasi gani? Siku 7 katika mwaka ni kama senti 2 katika kila shilingi ya mshahara. Kwa anayelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, ni karibu shilingi 6,000 za kuwekwa kando kila mwisho wa mwezi, fedha ambayo duka hilo hilo hutumia kwa chai na vitumbua kabla juma halijaisha. Kinachoumiza ni kulipa yote siku moja, na kinachofanya yalipwe yote siku moja ni kutoweka kando. Mwajiri anayelaza akiba hiyo benki tangu mwezi wa kwanza hatashtuka mwaka wa 20. Wengine husema kwamba mtu ana NSSF, basi yatosha. NSSF ni akiba ya uzeeni, ambayo michango yake, 20 kwa kila 100 ya mshahara, hutolewa na mfanyakazi na mwajiri, na pensheni yake hudai michango ya miezi 180. Kiinua mgongo ni cha mtu aliyetolewa kazini leo, mwenye watoto wanaorudi shule Jumatatu. Fauka ya hayo, mikataba ya kukatwakatwa huichelewesha hata hiyo miezi 180.

Hapa sina budi kugeuka na kusema habari za nyumbani kwangu, kwa kuwa si haki kuwakemea wenye maghala nikawanyamazia wenye majiko. Sheria ya 2004 iliwatoa katika masharti yake wanajeshi, polisi, askari magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Haikumtoa mtumishi wa nyumbani. Binti anayetulelea watoto, anayeamka kabla yetu na kulala baada yetu, ni mfanyakazi kwa maana kamili ya sheria, na akitimiza miezi 12 kisha tukamwambia hatumhitaji tena, ana siku zake 7 kwa kila mwaka. Miaka kadhaa iliyopita mke wangu na mimi tuliagana na binti mmoja kutoka Lushoto aliyekaa kwetu miaka 4, kwa kuwa watoto walikuwa wamekua. Tulimpa doti ya khanga, tukampa nauli, tukampa na mshahara wa mwezi ule, naye akalia na sisi tukalia, na tukarudi ndani tukiamini kwamba tumeagana kwa ihsani. Ilikuwa ihsani, lakini deni lilikuwa halijalipwa. Nilipoikalia chini sheria hii kwa mara ya kwanza nilihesabu: siku 28. Nilimpigia simu, nikamweleza, akadhani natania. Nikamtumia fedha ile kwa simu jioni ile ile, na sauti yake alipopiga kushukuru ilinifanya niione aibu ambayo shukrani yake haikuiondoa, kwa maana alikuwa akinishukuru kwa mali yake mwenyewe.

Wako mabinti wengi wa pwani hii, wa Tanga na wa Mombasa na wa Unguja, waliokwenda Ghuba kufanya kazi zile zile za majikoni. Taabu zao huko zinajulikana, wala sizipunguzi. Hata hivyo Qatar, katika Sheria Na. 15 ya mwaka 2017 inayohusu watumishi wa nyumbani, imeandika kwamba mtumishi aliyetimiza mwaka alipwe mwisho wa utumishi wake ujira usiopungua wa wiki 3 kwa kila mwaka. Kulipata hilo kwa kweli ni vita nyingine, lakini limeandikwa, na msichana aliyeondoka Pangani anaweza kulidai huko kwa wiki 3 za mwaka jambo ambalo nyumba aliyoitumikia hapa hapa mjini hailijui hata kwa wiki moja. Laiti kila mwenye mtumishi angeandika tarehe aliyompokea, hata kwa penseli nyuma ya mlango wa jiko.

Narudi kwa mzee wangu. Nilimwambia yale mawili niliyoyaogopa kuyatenganisha: kwamba kwa miaka yake jinsi mikataba ilivyoandikwa, mwajiri ana kauli ya kujishikilia, na kwamba sheria hiyo hiyo, inapoeleza maana ya kuachishwa kazi, inataja pia kukataa kuhuisha mkataba wa muda maalumu pale ambapo mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kwamba utahuishwa. Mtu aliyehuishiwa mara 16 akitarajia ya 17 hawezi kuambiwa kuwa ameota. Nikamweleza habari za siku, kwa kuwa katika mambo ya kazi siku huua haki nyingi kuliko mawakili: shauri la kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Tangu tarehe 20 Desemba zilikuwa zimepita 34. Mlango wa kwanza ulikuwa umefungwa, ila kwa anayeomba idhini na kueleza sababu ya kuchelewa. Wa pili ulikuwa wazi.

"Sababu ninayo," alisema. "Nilikuwa nangoja simu."

Jumatatu tulikwenda pamoja. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake, na bati la biskuti akaliweka magotini mwake kwenye benchi la kungojea, mikono yote miwili juu ya kifuniko. Tulipoitwa, afisa aliyetupokea, mwanamke wa makamo, alimwamkia shikamoo, akaipokea mikataba, akaihesabu kwa kidole hadi 17, akachukua karatasi tupu na kuanza kuandika tarehe za kuanza upande wa kushoto na tarehe za kwisha upande wa kulia, kimya, kwa muda mrefu. Alipomaliza alipitisha kalamu katikati ya safu zile mbili, penye mianya. "Mzee wangu," aliuliza, "hizi siku za mwisho wa mwaka, baina ya mkataba na mkataba, ulikuwa wapi?"

"Miaka mingine nilikuwa nyumbani," alijibu. "Miaka 6 nilikuwa lindoni, mwanangu. Walinilipa kwa siku, mkononi, pasipo sahihi."

"Kuna aliyekuona?"

Ndipo alipoingiza mkono chini ya bati akalitoa lile daftari, akauvua mpira, akalifungua mahali ambapo ukurasa ulikuwa umekunjwa pembe, akaligeuza ili yeye afisa asome. Ilikuwa orodha ya malori yaliyoingia ghalani usiku, namba za magari katika mwandiko wake mnene, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na mbele ya kila moja sahihi ya dereva. Juu ya ukurasa aliandika tarehe kwa wino mwekundu: 31 Desemba 2014. Afisa aliisoma, akafunua ukurasa uliofuata, 1 Januari 2015, akaisoma na hiyo. Kisha akavuta ile karatasi yake ya safu mbili, akafuta mwanya mmoja.